Kora kwenye daladala ya Marangu

Kuna mwandishi anasema vijana wa huku hawajui muziki wa nje zaidi ya Nigeria na Marekani. Si wote jamani. Mimi marehemu Toumani Diabaté, mpiga kora wa Mali, nilimsikia mara ya kwanza kwenye daladala ya Moshi kwenda Marangu, konda alikuwa na flashi yenye nyimbo zake. Kora ni ala ya muziki yenye nyuzi 21, kibuyu kimewambwa ngozi ya ng'ombe, na mtu mmoja anapiga besi na sauti ya juu kwa pamoja! Nikakopi zote, nikampelekea babu Kibosho. Akasikiliza kimya, kisha akauliza kama huyo ni Mgogo, maana alimkumbuka mwanamuziki Hukwe Zawose na zeze lake. Redio zetu za Moshi na Arusha, tupeni hata saa moja kwa wiki ya muziki kama huu.