Nafasi Zimejaa, Bwawa Tupu

Mimi sikatai mashindano ya kuogelea kuwa na ukomo wa washiriki. Bwawa si bahari. Lina njia nane, siku ina saa zake, na waamuzi nao wana makwao. Ninachokataa ni kuambiwa "nafasi zimejaa" wakati usajili ndio kwanza umefunguliwa na mimi bado natafuta miwani. Si ile ya kuogelea, ni ya kusomea.

Siku hizi kuingia mashindano ya masta, yaani sisi watu wazima tunaoogelea baada ya kazi na kabla ya mgongo kuanza kuuma, hakutegemei mkono wala mguu. Kunategemea kidole gumba. Mlango unafunguliwa usiku wa manane, wenye simu kali wanapita, na sisi wenye simu za kuzungusha kaduara tunabaki tunakatazama kaduara. Ukifika penye malipo, mita 1500 zimeshafungwa. Mashindano hayajaanza, nimeshatolewa, tena mkavu.

Nikampelekea kocha malalamiko. Kocha wetu ni kijana, ananiita mzee kwa adabu zote, kisha ananichana bila ganzi. "Mzee, piga hesabu," akasema. "Kundi la wale wa taratibu kwenye mita 1500 linakula dakika 40. Kundi la mita 50, pamoja na kupanda na kushuka, dakika mbili limekwisha. Ndani ya dakika 40 zenu nyie wanane, mimi naingiza makundi 20 ya mita 50. Watu 160!" Akanitazama kama vile hao 160 wamenisimamia nyuma, wamevaa kofia, wananisubiri mimi.

Iliniuma kwa sababu hesabu haina kosa. Bobby Finke wa Marekani alimaliza hizo mita 1500 kwa dakika 14 na sekunde 30.67 kwenye Olimpiki ya Paris 2024, rekodi ya dunia. Tungekuwa tunaogelea hivyo wote, nani angehangaika na ukomo? Shida ni kwamba akianza pamoja na sisi, atamaliza, ataoga, atavaa, atahojiwa na waandishi, na sisi bado tunabishana na ukuta kama hii ni safari ya 17 au ya 18. Katika bwawa la mita 50 unakwenda urefu mara 30. Katika la mita 25 ni mara 60, na hapo kuogelea ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuhesabu.

Lakini nikamuuliza kocha: unamjua Bibi Mieko Nagaoka? Yule wa Japani. Alianza kuogelea akiwa na miaka 80, umri ambao mimi nitakuwa natafuta pa kuegemea. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1500 nzima, mtindo wa mgongo, kwa saa 1, dakika 15 na sekunde 54.39. Kwa hesabu ya kocha, bibi huyo alikula makundi 37 ya mita 50 peke yake, na chenji ikabaki. Nani angethubutu kumwambia ampishe mtu mwenye kasi? Dunia nzima ilimpigia makofi. Sasa kama uzee na utaratibu ni sifa ukifika miaka 100, kwa nini ni kosa ukiwa na 50 na kidogo?

Hapo kocha akakumbuka ana simu ya kupiga.

Wengine wanasema dawa ni muda wa kufuzu: usiyefikisha kasi fulani, kaa nyumbani. Kwa mashindano ya taifa sawa, hata Marekani masta wanaoweka viwango huwaachia wasiofuzu mbio chache, hawawafungii mlango kabisa. Lakini haya ya kwetu ya mwisho wa wiki, ambayo medali yake ukiiacha kwenye jasho inabadilika rangi, tunafuzu kwenda wapi? Wengine wanasema bahati nasibu. Hiyo angalau ni haki, maana bahati sijawahi kuwa nayo, kwa hiyo nitakosa bila kumlaumu mtu.

Mimi dawa yangu ni nyingine, na imefanya nisalimiwe kwa mbali na nusu ya klabu. Kabla hamjamzuia mtu kuingia, mzuieni aliyeingia asiingie mara tano. Kuna jamaa, kila mashindano, anajiandikisha mita 50 mtindo huru, 100 huru, mtindo wa kifua, wa kipepeo, na ile ya mchanganyiko wa mitindo. Mbio tano! Ataniambia hata mashindano ya dunia ya masta yanaruhusu tano. Sawa, lakini yale yanachukua siku kadhaa, haya yetu jioni watu wanataka kufunga geti. Chukua siku yenye nafasi 1,200. Ukimpa kila mtu mbio tano, wanaingia watu 240. Ukiwapa tatu tatu, wanaingia 400. Hao walioongezeka ni 160, wale wale wa kocha! Nimewapata, walikuwa wamefichwa ndani ya mbio za ziada za jamaa.

Na hizo tano haogelei zote. Hapa ndipo ninapopandisha sauti. Akishaogelea mbili, bega linamsumbua. Ya tatu, ana dharura. Kipepeo chenyewe hajawahi kukiogelea mbele ya mtu yeyote, nadhani anakiandika kwa ajili ya jina kuonekana kwenye orodha. Njia inabaki tupu, maji yametulia, na mtu aliyekosa nafasi yuko nyumbani anaosha gari lake kwa hasira. Anayejitoa mapema simlaumu, mwili ni mwili. Yule asiyetokea na asiyesema ndiye wa kukatwa mbio moja mashindano yajayo. Mtaona mabega yanavyopona.

Halafu sheria za masta zenyewe zina huruma kuliko waandaaji wetu. Kwenye mbio ndefu zinaruhusu waogeleaji wawili wa jinsia moja kushiriki njia moja, kila mmoja na saa yake. Wanane wanakuwa 16 kwa dakika zile zile 40. Nilipolitaja hili nikajibiwa kwamba watu watagongana. Tutagongana kwa kasi gani?

Basi nikakubali yaishe. Nikasema mwaka huu nitakaa jukwaani na karanga zangu. Siku chache kabla ya mashindano simu inalia, nahodha wa timu, sauti tamu kama anakuja kukopa. "Mzee wetu, tunakuhitaji kwenye kupokezana." Nikanyoosha kifua. Nikamuuliza wamependa mtindo wangu upi. Kimya. Kumbe kwa masta, timu ya kupokezana hupangwa kundi kwa kujumlisha umri wa wanne wote. Walikuwa wanataka kundi la miaka 200 hadi 239, wakajumlisha, wakapungukiwa. Hawakunitafuta kwa mikono, walinitafuta kwa tarehe ya kuzaliwa. Na umri wa masta unahesabiwa kama utakavyokuwa tarehe 31 Desemba, kwa hiyo wamenidai hata miezi ambayo sijaiishi.

Nikaenda. Mita zangu 50 nikaziogelea, timu ikawa ya mwisho lakini umri wetu haukuwa na dosari. Nikiwa najifuta nikasikia wanaita mita 1500. Wakapanda watu watano. Njia tatu tupu! Mojawapo, njia ya nne, ilikuwa ya jamaa wa kipepeo, amejiandikisha na huku pia, bega limewahi kuondoka.

Nikamkimbilia mwamuzi, maji yananitiririka, kofia mkononi. Nikamwambia nipo tayari, nimelowa tayari, nimepashwa moto na ya kupokezana. Akasema orodha imefungwa, mzee, haki ni haki. Kisha akanitazama vizuri, uso ukalainika, akaniwekea saa ya kupimia muda mkononi. Mpimaji wa njia ya nne naye hakutokea. Je, naweza kumsaidia?

Nikakaa kwenye kiti cha njia ya nne, njia isiyo na mtu, na saa isiyo na wa kumpima, kwa dakika 40. Walipomaliza nikamuuliza niandike nini kwenye fomu. Akasema andika "hakutokea". Nikaandika, nikapigia mstari mara mbili. Nikamuuliza pia kama usajili wa wapimaji una ukomo. Akacheka mpaka filimbi ikamdondoka. Akasema wapimaji hata siku moja hawajawahi kutosha, na je, nina nafasi mwezi ujao?