Sikumuuza Bibi Harusi

Kwanza kabisa, sikumuuza mtu. Najua yule ndugu yangu aliyekaa karibu na mlango ameshawasimulia kwenye makundi matatu ya WhatsApp kwamba nilisimama katikati ya kikao cha mahari nikapiga kelele "Uza!" Sikusimama. Nilikuwa nimekaa, mdomo nimefunga, mikono juu ya magoti kama mtoto wa komunyo. Iliyopiga kelele ni sabufa. Sauti ilikuwa yangu, hilo sikatai.

Mnaonifuata mnaijua shughuli yangu ya jioni: fyucha za S&P 500 za kule Chicago, yaani mikataba ya kubashiri kama hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani zitapanda au zitashuka, zile maikro (ndogo), pointi moja dola 5. (Dada yao mkubwa ni dola 50 kwa pointi, huyo namsalimia kwa mbali na kupita.) Mnajua pia kwamba natembea na pivoti, mstari wa katikati wa kupimia bei ya leo. Bei ya juu ya jana, ya chini na ya kufungia, jumlisha, gawa kwa 3. Hiyo ndiyo pivoti. Izidishe mara 2, toa ile ya chini, umepata R1, kituo cha kwanza ambapo bei inayopanda hutarajiwa kugota. Rudi kwenye pivoti, ongeza umbali wote kutoka chini hadi juu ya jana, umepata R2, kituo cha pili. Hesabu ya mtoto wa darasa la tano, na mimi nimeikomalia miaka minne.

Ijumaa iliniachia hivi, namba nimezilainisha kidogo: juu 5,200, chini 5,140, kufunga 5,176. Kwa hiyo pivoti 5,172, R1 5,204, R2 5,232. Nikatega oda ya kuuza maikro 2 pale R1 (unauza kwanza, unanunua baadaye: bei ikishuka unapata, ikipanda unaumia). Stopu, ile oda ya kukutoa kabla hasara haijakua, nikasema nitaiweka nikirudi nyumbani.

Ndiyo, nimewasikia. Tuendelee.

Kikao kilikuwa Jumatatu kwa sababu mjomba wa binti alikuwa anarudi Bukoba Jumanne alfajiri, na bila mjomba hakuna kikao. Tumeambiwa saa 9 alasiri. Msimu huo soko la hisa la New York lilikuwa likifungua saa 11 na nusu jioni yetu, na kabla ya hapo fyucha zinasinzia tu. Nikajua hadi muda huo pilau itakuwa tumboni. Nilichosahau ni kwamba Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele. Jumatatu ile soko lilifunguka saa 10 na nusu. Kila Machi wananifanyia hivi, na kila Machi napatikana.

Jambo la pili mnalopaswa kujua: simu yangu hulia bei ikigusa kituo, ila milio yote huwa naichanganya, kwa hiyo nilijirekodi. Kila kituo cha bei kina maneno yake. Nilirekodi usiku, peke yangu, nikiwa na raha zangu.

La tatu: tulifika mapema, watoto wa pale wakaomba muziki, nikaunganisha simu yangu na sabufa yao kwa Bluetooth, nikaiacha kwenye chaji pembeni ya bibi wa binti. Mshenga alipokohoa kuashiria tunaanza, nikazima muziki. Muziki tu.

Haya.

Mjomba amefungua daftari. Lile lenye jalada gumu, la kaunta. Amelamba kidole, amegeuza ukurasa ambao haukuhitaji kugeuzwa. Sebule kimya, unasikia feni. Akasema, taratibu, "Ng'ombe 12." Akatuangalia mmoja mmoja. "Kila ng'ombe, laki saba."

Mshenga wetu ni fundi wa maneno. Alishusha pumzi, akaweka kofia kwenye goti, akafungua mdomo ili atoe ile "wazee wetu, tumesikia, ila mkono mtupu haulambwi". Nilimwona ulimi ukiinuka.

Sabufa ikafanya *tii*.

"R1! Hapo bei imezidi, wanunuzi wamechoka. Uza! Uza! Uza!"

Jamani, sabufa ile ilikuwa na besi. Vikombe kwenye kabati vilitetemeka. Mshenga alibaki mdomo wazi, na kwa mtu aliyekaa upande wa pili ilionekana kabisa kama maneno yametoka kwake. Bwana harusi mtarajiwa aliangalia zulia. Bibi akamgeukia mama wa binti akamuuliza kwa sauti, "Wanamuuza nani?"

Mjomba akafunga daftari, kidole ndani kama alama. "Nani amesema bei imezidi?"

Nikanyoosha mkono. "Samahani mjomba, ni simu."

"Simu ya nani?"

"Yangu."

"Na sauti ya nani?"

"Yangu pia, mjomba."

"Basi ni wewe."

Sikuwa na la kujibu. Na hapo ndipo bei, ambayo ilikuwa imeshachukua oda yangu, ikarudi chini kidogo, ikavuta pumzi, ikapanda tena na kuigusa R1 kwa mara ya pili. Wanaofanya kazi hii mnajua inavyochezacheza pale kwenye mstari. "R1! Hapo bei imezidi..." Safari hii mshenga alijifunika uso kwa kofia. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia.

Hukumu: faini elfu 50 na kreti 2 za soda kwa kuongea bila ruhusa, mara mbili. Simu ikachomolewa kwenye chaji, mjomba akaitia mfuko wa ndani wa koti. Nikaomba dakika moja tu, "kuna kitu kidogo nifunge". Akasema kitakachofungwa ni mdomo.

Kwa hiyo nikakaa. Nimeuza maikro 2, sina stopu, na mtu pekee mwenye uwezo wa kuniokoa ni mzee wa Bukoba aliyeikalia simu yangu. Wakapita kwenye mbuzi. Wakapita kwenye mkaja wa mama. Wamefika kwenye blanketi la bibi, saa 12 hivi, bibi anaeleza anataka zito, si lile la manyoya yanayonyonyoka, na hakuna aliyekumbuka kwamba simu imetoka kwenye chaji lakini haijatoka kwenye sabufa.

*Tii.*

"R2! Kama uliuza kule chini, pole sana ndugu yangu. Ulidhani wewe ni nani?"

Mjomba aliruka akapapasa koti kama limeingia nge. Bibi ndiye aliyechomoa waya wa sabufa ukutani, akanitazama, akauliza nani amekufa.

Yaliyobaki mafupi. Elfu 50 nyingine. Ng'ombe wakashuka hadi 8, na mshenga anaapa ni ile kauli ya kwanza iliyomvunja mzee nguvu; faini lakini hajachangia hata shilingi. Simu nilirudishiwa saa 1 usiku, nikafunga palepale R2: pointi 28, mara 5, mara 2, dola 280. Kwa shilingi ni laki saba na kidogo. Yaani ng'ombe mmoja wa bei ya kikao, ameenda Chicago kwa miguu yake, na sijapewa mke.

Jana mjomba kanipigia akiwa Bukoba. Namba yangu sijui aliipata wapi. "Kijana, hiyo R1 yako leo iko wapi?"

Nikamwambia nitamtajia akinirudishia elfu 100 yangu.

Akakata simu.