Meya wa Tanga: kura kwanza au madaraka kwanza?

Siku ya uchaguzi mkuu mkazi wa Tanga mjini hupiga kura tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Siku nyingine humchagua mwenyekiti wa mtaa wake. Meya hayumo popote. Yeye huchaguliwa baadaye na madiwani, wakiwemo wa viti maalum na wabunge walio wajumbe wa baraza. Kwa hiyo, ukiacha wawakilishi kama mbunge na diwani, kiongozi wa juu kabisa wa hapa Tanga ambaye mwananchi anamweka yeye mwenyewe ili amwendeshee mambo ni mwenyekiti wa mtaa. Ukivuka mpaka wa Horohoro ukaingia Lunga Lunga, Kenya, mambo ni tofauti. Watu wa kaunti ya Kwale humpigia kura gavana wao, kiongozi mkuu wa kaunti. Ndiyo maana wapo wanaosema na sisi tumchague meya wetu moja kwa moja. Naona hoja hiyo ni nzuri, lakini haijakamilika.

Cheo cha kuongoza mji huu kwa miaka mingi kilitoka juu. Wajerumani walitawala kwa maliwali na maakida, Waingereza wakaweka maofisa wao, na baada ya uhuru, mwaka 1962, wakaja wakuu wa mikoa walioteuliwa. Mabaraza ya kuchaguliwa yalikuwepo, ila yalikuwa dhaifu kifedha, na mwaka 1972 yakafutwa katika mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa la kugawa madaraka, lakini kilichofika mikoani ni watumishi wa serikali kuu. Huduma za miji zikaporomoka, kipindupindu kikazuka, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakaanza kurudishwa. Sheria zikatungwa mwaka 1982, na serikali za mitaa zikarudi kwa ukamilifu mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Tanga ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na meya wake akawa meya wa jiji.

Wanaotaka kura ya moja kwa moja wana ushahidi wa hapahapa. Baada ya uchaguzi wa 2015, kumpata meya wa Tanga kulizua mgogoro mkali kati ya madiwani wa CCM na wa CUF. Wananchi waliokwisha kupiga kura zao Oktoba walibaki watazamaji wa ugomvi wa ukumbini. Dar es Salaam nako uchaguzi wa meya uliahirishwa mara kadhaa hadi Machi 2016. Wapiga kura wakiwa wachache kiasi hicho, kila kura ina bei, na kila akidi ya kikao huwa silaha. Uchaguzi wa watu wote usingemaliza fitina, lakini ungeitoa nje ya mlango uliofungwa.

Tena Kenya haikuanza na magavana. Hadi 2013 wenyeviti wa mabaraza na mameya wake walichaguliwa na madiwani, kama wetu, huku wakuu wa mikoa wakiteuliwa na rais. Katiba ya 2010 ndiyo iliyounda kaunti 47 na gavana wa kura ya wote, mwenye kikomo cha mihula miwili ya miaka mitano. Kwale ilimchagua Salim Mvurya mwaka 2013 na 2017, kisha 2022 aliyekuwa naibu wake, Fatuma Achani, akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza.

Upande wa pili usidharauliwe. Gavana mwenye fedha na nguvu ni mtu wa kuogopwa pia. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa na Seneti mwaka 2020 kwa tuhuma za matumizi mabaya ya madaraka. Afya ilipokabidhiwa kaunti, mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, huku serikali kuu na kaunti zikitupiana lawama na wagonjwa wakiteseka. Nchi yetu imejivunia utulivu, na anayesema kura ya meya inaweza kuamsha ukabila na udini katika mji mchanganyiko kama Tanga hasemi upuuzi.

Hata hivyo, hofu hiyo hainishawishi sana. Wabunge na madiwani tunawachagua kwa kura ya wote, na mji haujasambaratika. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba meya tutakayemchagua atakuta ofisi tupu. Mkurugenzi wa jiji, anayeshika fedha na watumishi, huteuliwa na rais. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016, na barabara za mjini zikaenda TARURA, wakala wa barabara wa serikali kuu, mwaka uliofuata. Mwananchi wa Makorora au Chumbageni atamlalamikia meya kwa shimo la barabarani, na meya ataandika barua. Gavana wa Kwale ana afya ya wilayani, chekechea, kilimo na barabara za kaunti mkononi mwake, na katiba inazipa kaunti zote kwa pamoja asilimia 15 au zaidi ya mapato ya taifa. Ukimlinganisha na meya wetu, kura ndiyo tofauti ndogo kuliko zote.

Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ndani ya jiji letu. Ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ni haki ya halmashauri, na kwa shughuli za ukubwa huo si fedha ndogo. Nani ataamua zitumike wapi, na wavuvi wa Chongoleani watamwuliza nani?

Kwa hiyo ningeanza na mkurugenzi: sheria ya miji ya 1982 irekebishwe ili baraza la madiwani limwajiri na liweze kumfukuza, na sehemu ya kodi ya majengo irudi jijini. Hilo likishafanyika, karatasi ya nne ya kura itakuwa na kazi ya kufanya, nami nitakuwa wa kwanza kuipigania. Kuiomba kabla ya hapo ni kuwapa watu wa Tanga mtu wa kumlaumu tu, ilhali maamuzi yanafanyika Dodoma.