Nani atie muhuri kwenye diploma ya teknolojia Lubumbashi?

Msimu wa kuandikisha wanafunzi ukifika, mabango yanajaa hapa Lubumbashi, Congo, kuanzia Kamalondo hadi Ruashi: elektromekaniki, kemia ya viwanda, metaloji, matengenezo ya mitambo, usalama kazini. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna namba ya agizo la waziri lililoruhusu chuo kifunguliwe. Mzazi wa Katuba aliyekusanya dola za minervali, yaani ada ya masomo, kwa shida anaiona namba ile na moyo wake unatulia kidogo, kwamba chuo kinajulikana na Serikali. Ila namba ile inajibu swali moja tu: je, chuo kina haki ya kuwepo? Haimwambii mzazi kama katika filieri, yaani mchepuo, ya elektromekaniki kuna mota ambayo mtoto wake ataifungua kwa mikono yake, wala kama anayefundisha somo la otomati, mitambo inayojiendesha, amewahi kuigusa hata moja.

Hapo ndipo inapoingia ithibati ya programu, yaani kukagua na kuthibitisha ubora wa filieri moja moja badala ya chuo kizima. Swali la chuo na swali la programu kwetu yamefungwa pamoja kwa muda mrefu. Kwingine yalitenganishwa zamani. Ufaransa ilianzisha kwa sheria ya 1934 tume ya CTI, inayopima kila programu inayotaka kutoa cheo cha mhandisi. Marekani wana ABET, chombo cha kukagua programu za uhandisi na teknolojia, kilichozaliwa 1932 kwa jina jingine, nayo haitoi ithibati kwa chuo kizima. Inaangalia programu moja moja, na chuo ndicho kinachoomba kukaguliwa, hakilazimishwi. Na kwa teknolojia ya viwanda yenyewe, yaani elimu ya yule anayesimama kati ya mhandisi na fundi, anayepanga uzalishaji, ubora, usalama na matengenezo, Wamarekani waliunda chama chake mwaka 1967, NAIT, ambacho leo kinaitwa ATMAE.

Utaratibu wao haufichi siri kubwa. Programu inajiandikia ripoti ya kujichunguza, kisha wenzao kutoka vyuo vingine na viwandani wanakuja kuona kwa macho. Wanafungua madaftari ya wanafunzi, wanasoma mitihani iliyosahihishwa, wanaingia karakana, wanauliza waliohitimu wako wapi. ABET ikiridhika kabisa, inarudi kwa ukaguzi mkuu baada ya miaka 6. Na kwa programu za teknolojia ya uhandisi inadai jambo ambalo kwetu ni nadra sana: kamati ya washauri kutoka kwenye kampuni zinazowaajiri wahitimu, kamati inayokutana na kusema mtaala huu umepitwa na wakati.

Hapa kwetu hatuanzi sifuri. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilileta mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikasukumwa vyote kuingia humo. Kuna ANAQ-ESU, chombo cha Serikali cha kusimamia ubora. Mara kwa mara Wizara ya ESU, ya elimu ya juu na vyuo vikuu, imetuma wakaguzi kupima kama vyuo vina sifa za kuendelea, na vingine vimefungwa. Diploma za vyuo binafsi nazo hupita kwenye tume ya kuzithibitisha kabla hazijatambuliwa. Karatasi, kwa kweli, tunazo nyingi. Lakini zote zinaangalia mlango wa mbele: jengo, idadi ya walimu na vyeo vyao, hati.

LMD imeongeza utata ambao waajiri wanausema waziwazi. Zamani kila mtu aliielewa ngazi. A2 ametoka shule ya ufundi, A1 ni injinia teknisien wa miaka mitatu, A0 ameongeza miaka miwili juu yake. Leo kijana anakuja na licence ya miaka mitatu, krediti 180, na mkuu wa idara ya wafanyakazi anabaki akijiuliza: huyu ni A1 aliyebadilishiwa jina, au ni mtu mwingine? Jibu linategemea chuo, na ndani ya chuo linategemea filieri. Kuna filieri zilizoandika upya masomo yao, na kuna zilizochukua mtaala wa graduat, ile diploma ya zamani ya A1, zikagawa saa kwa krediti zikamaliza. Kwa nje huwezi kuzitofautisha, na hapo ndipo hoja ya ithibati ya programu ina nguvu kuliko mahali pengine popote.

Nguvu yake ya pili ni hatari ya kazi yenyewe. Shaba ya mikoa yetu ya Haut-Katanga na Lualaba leo, kwa sehemu kubwa, inapita kwenye viwanda vya asidi na umeme: madini yanayeyushwa kwa asidi sulfuriki, shaba inavutwa kwa kimiminika cha kemikali, kisha elektrolisi inaigandisha kuwa katodi. Teknisien asiyejua kusoma kipimo cha mkondo wa umeme, au asiyejua kufunga na kuwekea kufuli mashine kabla ya kuingiza mkono, anahatarisha maisha yake na ya wenzake. Sisemi cheti kinazuia ajali. Nasema kwamba tunapomkabidhi mtu kazi ya aina hiyo, ni haki tujue kama aliwahi kuifanya hata mara moja kwenye labo, au aliisoma tu kwenye silabusi aliyolazimishwa kuinunua.

Halafu kuna mpaka. Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, hauko mbali na Lubumbashi, na vijana wetu wengi wanatazama Zambia na Afrika Kusini. Afrika Kusini imo katika Mkataba wa Sydney wa 2001, ambao nchi wanachama hutambuliana programu za wateknolojia wa uhandisi, na ule wa Dublin wa 2002 wa mafundi sanifu. Congo haimo. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na kuwakuta Kenya, Uganda na Tanzania wameshasaini tangu 2012 makubaliano ya kutambuana wahandisi. Mteknolojia wa Lubumbashi akivuka, hana chombo cha nyumbani kinachoweza kusema kwa niaba yake: programu hii tumeikagua, hivi ndivyo anavyoweza.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na wanaoupuuza nadhani hawajaishi hapa.

Hoja yao ya kwanza ni historia. Katanga ilijengwa na mafundi ambao hakuna tume iliyowakagua. Kampuni ya migodi ya Union Minière, halafu Gécamines iliyoirithi, zilikuwa na shule zao, na muhuri wa fundi ulikuwa ni kazi yenyewe: ulipita kwenye karakana ya kampuni, msimamizi akakujua, basi. Wasalesiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, kwa shule kama Institut Salama wameendelea kutoa vijana wa umeme na mekaniki ambao kampuni zinawachukua kwa kuamini jina la shule. Hakuna aliyeuliza ithibati. Soko lilitosha.

Nakubali sehemu ya hoja hiyo, kisha nasita. Muhuri ule uliishi ndani ya kampuni, na kampuni ilipoanguka ulianguka nao. Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Ujuzi ule ulikwenda nyumbani na wazee. Kampuni za leo, za Kichina, za Kiswisi, za Kikanada, hazina shule kwa kiwango kile, na nyingi kazi zao zinafanywa na wakandarasi wadogo. Sheria ya 2017 inaweka ukandarasi huo mikononi mwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Ni sheria nzuri, lakini mkandarasi wa watu kumi na watano hana muda wala mahali pa kumjaribu kijana kwa miezi sita. Soko la majina linamfaa anayejulikana tayari. Mtoto aliyesoma vizuri kwenye chuo kisichojulikana halimsaidii chochote.

Hoja ya pili inaniumiza zaidi, kwa sababu ni kweli. Mkaguzi akija, nani analipa tiketi, hoteli na chakula? Kwetu jibu tunalijua: chuo. Na chuo kikishamlipia mkaguzi kila kitu, ripoti inajiandika yenyewe. Kila mtu aliyefundisha katika nchi hii anajua habari ya vitabu vya maktaba vinavyoazimwa kwa ajili ya siku ya ukaguzi, na kompyuta zinazosafiri usiku kutoka kampasi moja kwenda nyingine. Kuongeza ithibati ya programu juu ya vibali vilivyopo kunaweza kuwa tu kuongeza mezani bahasha moja zaidi, na bahasha hiyo italipwa na mwanafunzi kwenye minervali.

Tatu, vipimo vyenyewe. Ukikopi orodha ya vifaa ya Ulaya au Marekani, utafunga programu nyingi za Lubumbashi kwa siku moja, zikiwemo zinazofundisha kwa uaminifu na mashine chache. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unakatika, jenereta inakula mafuta, mashine ya kukereza chuma inasimama. Mwalimu mwenye mota tatu za zamani, anayewafanya wanafunzi wazifungue na kuzifunga upya muhula mzima, anaweza kutoa teknisien bora kuliko labo mpya yenye vioo ambayo ufunguo wake uko kwa mkurugenzi. Kipimo kinachohesabu vifaa kitampa ushindi yule wa pili.

Kenya inatufundisha jambo jingine, la nani mwenye mamlaka. Huko bodi ya wahandisi na tume ya vyuo vikuu zilivutana kwa miaka kuhusu nani anaidhinisha programu za uhandisi. Walioumia ni wahitimu waliokuwa na digrii mkononi huku bodi ikikataa kuwasajili. Kundi lao la watu zaidi ya 100 lilifikisha kesi hadi Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka 2018. Sisi tunaopenda kuunda ofisi mpya juu ya ofisi tungeitazama kesi hiyo kwa makini. Wizara ikitoa kibali, ANAQ-ESU ikitoa ithibati yake, kesho chama cha wahandisi kikidai chake, mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha ISTA au wa Politekniki ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, atakuwa na mihuri mitatu inayopingana.

Mimi nasimama upande wa ithibati ya programu, lakini kwa sharti moja ambalo bila hilo ningeona afadhali tubaki tulivyo. Ripoti itangazwe nzima. Katika hili ABET si mfano ninaoupenda: inatoa orodha ya programu zilizofaulu, na ripoti inabaki siri kati yake na chuo. CTI ya Ufaransa inachapisha maoni yake, na yeyote anaweza kusoma programu fulani ilisifiwa kwa nini na ikakosolewa wapi. Marekani, ambako mahakama, magazeti na vyuo vyenyewe vinachungana, siri huenda isiharibu sana. Hapa, neno "imeidhinishwa" lisilo na maelezo ni bidhaa inayouzwa. Ripoti ikisema kwamba programu ina labo ya kemia lakini wanafunzi waliifikia mara mbili kwa mwaka, bahasha inapoteza sehemu ya kazi yake, maana wanafunzi wenyewe wataisoma na kusema kama ni kweli au uongo.

Na kwa vifaa, kipimo kiwe kile mwanafunzi anachoweza kufanya. Mkaguzi achague majina matano kutoka orodha ya mwaka wa mwisho, bila kuonya, awape kazi: soma mchoro huu wa umeme, tafuta hitilafu kwenye kabati hili, pima tindikali hii, niambie utaanza na usalama gani. Hiyo haihitaji labo ya mamilioni. Mwalimu wa mota tatu atapita. Isitoshe, programu ndogo zipewe ithibati ya muda mfupi, miaka miwili au mitatu, na orodha ya mambo ya kurekebisha, kuliko kuambiwa ndiyo au hapana.

Tusianze nchi nzima. Elektromekaniki na kemia ya viwanda, kwa Haut-Katanga na Lualaba, zinatosha kwa majaribio. Pesa nazo zipo kwa namna fulani: tangu 1964 kuna INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, na waajiri wanachangia kila mwezi kati ya asilimia 1 na 3 ya mishahara, kulingana na ukubwa wa kampuni, kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Sehemu ndogo ya mchango huo ingelipa safari za wakaguzi bila chuo kugusa mfuko wake. Watasema INPP yenyewe inafundisha, itakuwaje mchezaji amlipe refa? Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo maana pesa zingepita kwake bila yeye kuchagua wakaguzi.

Wakaguzi wenyewe sidhani ni vigumu kuwapata. Wastaafu wa Gécamines na wa SNCC, shirika la reli, bado wapo, na wengi wangefurahi kuulizwa. Ugumu uko kwa kampuni za migodi. Zinalalamika kila mara kwamba vijana wanaohitimu hawajui kazi, lakini kamati ya washauri inahitaji mhandisi wao wa matengenezo, yule anayejua kwa nini pampu zinaungua, atoke zamu kwa wiki nzima akae darasani Lubumbashi kusahihisha mtaala. Kampuni itakayomruhusu, kwa mshahara kamili na bila kudai jina lake liandikwe ukutani, mimi bado sijaiona.