"Ajali haina kinga": faraja au kisingizio?

Basi likipinduka na watu wakafa, haikawii utasikia: "Ajali haina kinga." Wapo wanaoichukia methali hii. Wanasema inamfichia aibu dereva aliyelewa na tajiri wa gari aliyeahirisha kubadilisha breki. Wanaoitetea hujibu kwamba hiyo ni rambirambi tu, haijawahi kuwa ripoti ya uchunguzi.

Ugomvi huu una mzizi wake katika neno moja. Ajali limetokana na Kiarabu, ajal, yaani muda uliokadiriwa, siku ya mtu kufa. Kwa maana hiyo methali ni kauli ya imani: saa ikifika, hakuna ngao. Leo ajali ni kugongana, kuanguka, kuungua. Hapo methali inakosea waziwazi, maana mkanda ni kinga na breki nzima ni kinga. Maneno ni yaleyale matatu, ila zamani yalisema juu ya kifo, sasa yanasema juu ya kilichokileta.

Mtu atasema lugha ni ya wanaoitumia, maana ya kale haituhusu. Sawa. Lakini ukichagua maana ya leo, huwezi kudai tena heshima ya hekima ya wazee.

Dada yake ni "Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza," na hii nayo hutumiwa ovyo. Tazama aliyechaguliwa: nyani, fundi wa kukwea. Methali inamhusu mjuzi aliyefanya kila kitu sawasawa na bado akaanguka. Asiyejua kukwea akianguka, mti haukuteleza. Kumwekea dereva mlevi methali ya nyani ni kumpa sifa asiyokuwa nayo.

Hata hivyo, upande wa faraja una nguvu kuliko wakosoaji wanavyokiri. Mfiwa hujisulubu: ningemzuia asisafiri, ningempigia simu mapema. Akiambiwa saa ilifika, anapumua. Vidole vya kutafuta mchawi navyo hushuka, angalau kwa muda. Kumjibu mtu huyo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni ukatili, japo ni kweli tupu.

Kwa hiyo mimi hupima kwa mahali na msemaji. Matangani, jirani akimwambia mjane, inafaa. Kwenye gereji, au kikao cha kuchunguza chanzo, haifai, hasa ikitoka kinywani mwa anayeweza kulaumiwa. Huko ndiko kwa ufa na ukuta, au "Tahadhari kabla ya hatari."

"Kufa kufaana" inapimwa vivyo hivyo. Kufaana ni kufaa kwa kutendana: watu wasaidiane kwenye msiba. Wengine huisikia kwa kejeli, kwamba kifo cha mmoja ni riziki ya mwingine. Akiitamka aliyebeba jeneza utasikia ile ya kwanza. Mrithi anayeulizia hati ya shamba kabla ya maziko, bila shaka ile ya pili.