Ziara ya chuo cha muziki: wanafunzi waonyeshwe nini?

Mzazi mmoja wa Walukuba, hapa Jinja, aliniuliza swali ambalo bado ninalo kichwani: "Mwalimu, binti yangu ana akili ya sayansi. Mnampeleka Kampala kutazama ngoma ili iweje?" Tulikuwa tukikusanya nauli ya kuwapeleka wanafunzi wa Senior 4 (kidato cha nne) kwenye chuo kimoja chenye kozi ya muziki, wakajionee kazi zilizomo. Siku ile nilimjibu harakaharaka. Alistahili jibu bora.

Hofu yake ina msingi. Wengi waliong'ara katika muziki wa Uganda hawakupitia darasani. Eddy Kenzo alilelewa na mitaa, na bado wimbo wake ukateuliwa kuwania tuzo za Grammy za 2023. Kikundi cha embaire (marimba ya Kisoga) cha Nakibembe, hapahapa Busoga, kimejifunzia kijijini, mbao za marimba zikiwa zimelazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini ili sauti ivume, na leo wanapiga kwenye majukwaa ya Ulaya. Mtu anayelipa karo kwa kuuza samaki ana haki ya kuuliza cheti cha chuo kitaongeza nini hapo.

Wanaotetea vyuo huwa wepesi kumtaja Bobi Wine, aliyesomea muziki, ngoma na maigizo Makerere. Hoja hiyo sipendi kuitumia. Nyota ni wachache mno, wawe wamesoma au hawakusoma, na mtoto hapangiwi maisha kwa kuhesabu nyota.

Faida ya ziara niliiona kwingine. Kwanza tulikaribishwa kwenye amadinda, marimba ya Kiganda yenye mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo vya mgomba. Wapigaji ni watatu: wawili wanatazamana na kupokezana noti kwa kasi, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, na wa tatu anachomeka zake kwenye mbao mbili za mwisho. Wanafunzi wangu walijaribu, wakavurugana, wakarudia. Baada ya dakika kumi hivi waligundua wenyewe kwamba ukiusikiliza mkono wako peke yake umepotea. Somo hilo singeweza kulifundisha ubaoni.

Kisha studio. Fundi aliwasha mikrofoni sita na kusema moja inavuma, aitafute nani? Aliyejitokeza ni msichana ambaye hajaimba hata kwenye kwaya. Akavaa hedifoni, akashusha vitufe vya miksa, mashine ya kuchanganya sauti, kimoja kimoja, taratibu, mpaka mvumo ukakatika. Waya ulikuwa umelegea. Alipogeuka uso ulikuwa umebadilika: kumbe katika muziki kuna kazi isiyohitaji koo.

Lakini hapo hapo ndipo ziara ilipopwaya. Mvulana mmoja aliuliza mhitimu analipwa kiasi gani, akajibiwa kwamba inategemea bidii. Hilo si jibu. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ni mali ya kurithiwa na watoto, kama shamba. Hata hivyo vijana wanatoa nyimbo zao kwa maneno ya mdomo tu, bila mkataba, kwa sababu prodyuza kawarekodia bure. Chuo kinachotaka kuwavutia wanafunzi kiwaonyeshe mkataba halisi, kipengele kwa kipengele, na waelezwe mirabaha, yaani malipo ya mtunzi wimbo wake unapotumiwa, inakusanywaje. Kimlete mhitimu aseme mwezi uliopita aliingiza shilingi ngapi, na pembeni yake akae mpigaji wa harusini ambaye hakusoma, naye aseme. Bila hayo, kinachobaki ni tangazo la kozi.

Na waende wakiwa Senior 4, kabla ya kuchagua kombineshoni, yaani masomo watakayosoma Senior 5 na 6. Ukimpeleka mtoto akiwa Senior 6 ameshajifungia mlango, maana shule zinazofundisha muziki ngazi ya A ni chache.

Yule msichana wa miksa ndiye binti wa mzazi wa Walukuba. Jumatatu alikuja chumba cha walimu kuuliza kama anaweza kuchukua fizikia na muziki pamoja. Sauti ni fizikia, kwa hiyo swali lake ni la akili kabisa. Shuleni kwetu kombineshoni hiyo haipo. Nimemwandikia mkuu wa shule barua, na Jumamosi nitapita kwa baba yake.