Afisa wa Kumi na Moja

Watoto wa chekechea kuhesabu wanajua. Watahesabu kwa wimbo, kwa vizibo vya soda, kwa vidole vya mikono na, ukiwavua viatu, hata vya miguu. Kasheshe ni kupangana. Uliza aliyesimama mbele ni wa ngapi, utaambiwa "wa moja", na anayemfuata "wa mbili". Wakifika wa tatu wanapumua, maana kuanzia hapo ni kama walivyozoea kuhesabu.

Basi somo nikalihamishia kwenye uji. Watoto kumi, vikombe mkononi, sheria moja: hupewi mpaka utaje nafasi yako. Jamani, njaa mwalimu! Hata yule ambaye darasani humsikii alikuwa anafoka "Mimi wa nne!" kabla hajaulizwa.

Ndipo akatokea afisa wa elimu, kitambi mbele, faili kwapani, akanyoosha hadi kwenye sufuria kuchungulia uji. Binti mmoja mwenye mabutu, wa kwanza siku hiyo, akamsimamisha kama trafiki.

"Shikamoo babu. Wewe ni wa kumi na moja. Kule nyuma."

Afisa akaniangalia. Mimi nikauangalia mwembe. Akaenda nyuma.

"Mwalimu, mkubwa anapangaje foleni?" mpishi akaninong'oneza. Nikapata akili. "Watoto, nyuma geuka! Mama, hamishia sufuria upande ule."

Afisa akawa wa kwanza, heshima imerudi. Ila mwenye mabutu akawa wa kumi na moja, na wanavyopenda mbele wale, alikiangusha kilio cha msibani. Wa pili kujikuta wa kumi, akaitikia. Kikapokewa foleni nzima, isipokuwa na mtoto wa katikati: uhesabie mbele, uhesabie nyuma, yeye ni wa sita tu. Alikuwa anawatazama wenzake asielewe wanalilia nini.

Kelele zikamshinda afisa. "Geukeni tena! Rudini mlivyokuwa!"

Mpishi wakati huo yuko nusu ya safari, sufuria inamchoma mikono. Akaitua palepale alipofika. Katikati.

"Mimi wa sita!" akasema yule mtoto, kikombe juu, akajaziwa.

Kilio kikakatika, foleni ikavunjika, wote wakaizunguka sufuria. Afisa akabaki peke yake na faili lake.

"Mwalimu, sasa mimi ni wa ngapi?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Kumi wote waligeuka kwa pamoja: "Wa mwishooo!"